Programu Ndani ya Programu: Ufungashaji wa Zana za Usemi kwa Utafiti wa Lugha Ufukoni mwa Ziwa Mweru

Kabuta, wilayani Nchelenge katika Mkoa wa Luapula, imo katika ukanda ambamo Kibemba hukutana na Kiswahili cha Katanga kutoka ng'ambo ya Ziwa Mweru. Mtafiti anayerekodi mazungumzo huko huhitaji kuyachakata papo hapo, pasipo kutegemea intaneti, kwa kuwa mzungumzaji anayeweza kusahihisha unukuzi huenda kesho akavuka ziwa. Makala haya yanaeleza sharti moja la kiufundi la kazi hiyo: namna programu ya mezani inavyobeba na kuendesha programu nyingine ndani yake.

Programu nyingi za mezani hujengwa kwa Electron, na msimbo wake huandikwa kwa JavaScript. Hata hivyo, kazi nzito mara nyingi huachiwa programu asilia, yaani zile zilizokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine kwa kichakato na mfumo endeshi mahususi. FFmpeg hubadili miundo ya sauti na video. eSpeak NG husoma kwa sauti matini za lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo.

Ugumu huanzia kwenye ufungashaji. Mafaili ya Electron kwa kawaida hukusanywa katika jalada moja la asar. Kwa Electron, jalada hilo huonekana kama kabrasha. Kwa mfumo endeshi, ni faili moja tu, na kilichomo hakiwezi kuendeshwa. Amri ya execFile hulitoa kwanza faili tekelezi na kuliweka mahali pa muda. Exec na spawn hazina msaada huo. Ndiyo maana zana iliyofanya kazi kwa msanidi yaweza kugoma ikishasakinishwa.

Njia iliyo salama ni kuiweka programu asilia nje ya jalada, katika kabrasha la rasilimali, na kuitafuta wakati wa uendeshaji kupitia process.resourcesPath. Data zake nazo sharti zisafiri pamoja nayo: eSpeak NG bila kabrasha lake la data haitamki neno. Aidha, Linux na macOS hudai ruhusa ya utekelezaji. Kila aina ya kichakato huhitaji nakala yake. Na Apple haiidhinishi kifurushi chenye faili tekelezi lisilo na saini ya kidijitali.

SADC ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019. Ili uamuzi huo uwafae watafiti wa mipakani, mikataba ya kugharamia zana za lugha izingatie mambo mawili. Kwanza, leseni: FFmpeg hutolewa kwa LGPL, au GPL kutegemea sehemu zilizojumuishwa, na eSpeak NG kwa GPL toleo la 3, masharti yake humfunga anayezisambaza. Pili, majaribio: kifurushi kisipokelewe kabla ya kusakinishwa na kuendeshwa katika kompyuta isiyo na intaneti wala zana za msanidi. Kasoro inayogunduliwa ofisini hurekebishwa. Ile inayogunduliwa ufukoni humpotezea mtafiti mzungumzaji wake.