Python mpya, Windows kuukuu: kinachowezekana na kisichowezekana



Suali hili limekuwa likinifikia kutoka kwa jamaa walioko Muscat, London na hata huku Marekani, kila mmoja kwa maneno yake, lakini kiini ni kimoja. Nina kompyuta ya zamani, ina Windows XP au Windows 7, inawaka vizuri, kibodi nzima, kioo kizima, mbona nikijaribu kuweka Python ya leo inanigomea? Na je, njia ipo?

Njia zipo, tena si moja. Ila kila njia ina bei yake, na nimeona wengi wanalipa bila ya kujua wamelipia nini. Kwa hiyo naomba nieleze kwanza kwa nini kompyuta inagoma, maana asiyejua sababu hubaki kushusha faili lile lile mara tano akidhani intaneti ndiyo mbovu.

Tuanze na tarehe. Windows XP ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001, na Microsoft wakaacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ilitoka 2009, ikakatwa tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 nayo ikafika mwisho wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kukatwa huduma hakuna maana kuwa mashine inazimika siku hiyo. Maana yake ni kuwa tundu la usalama likigunduliwa baada ya hapo, hakuna anayelazimika kuliziba. Na wenye kutengeneza programu za watu wengine nao hufuata kalenda hiyo hiyo. Watu wa Python wana kanuni yao iliyoandikwa wazi: toleo jipya linahudumia zile Windows tu ambazo Microsoft bado wanazihudumia wakati toleo hilo linapotoka. Ndiyo maana Python 3.4 ikawa ya mwisho kwa XP, na 3.8 ya mwisho kwa Windows 7. Lugha ya Go iliiaga XP baada ya toleo 1.10, na Windows 7 baada ya 1.20. Rust walipanda hadi Windows 10 kwa toleo 1.78 la Mei 2024. Hakuna njama hapo. Watu hawawezi kujaribu kazi yao juu ya kila mfumo uliowahi kuwepo duniani.

Sasa, kinachotokea ndani ni nini hasa? Programu yoyote haifanyi kazi peke yake. Ikitaka kufungua faili, kusoma saa au kuzungumza na mtandao, inauomba mfumo endeshi, na huomba kwa jina: fanksheni fulani, iliyomo katika faili fulani la dll. Programu inapowashwa, Windows husoma kwanza orodha ya majina yote hayo. Likikosekana hata moja, programu haianzi, hata kama jina hilo lisingetumika siku hiyo. Ni kama mpishi wa shughuli aliyekuja na orodha yake ya masufuria, miiko na mafiga, akikuta chombo kimoja hakipo basi hawashi moto, ingawa siku hiyo mnapika chai tu. XP haina GetTickCount64, ambayo ilianza na Vista. Ukilazimisha Python 3.9 juu ya Windows 7 utaambiwa kuwa api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll haipo, na kweli haipo, kwa sababu fanksheni zilizomo humo zilikuja na Windows 8. Ziko tovuti chungu nzima zitakazokupa faili la jina hilo bure. Tafadhali, msiokote dll njiani. Hamjui aliyeitengeneza wala alichokitia ndani.

Kizuizi cha pili ni namba. Kila faili la exe lina namba ya mfumo wa chini kabisa unaokubalika. XP ni 5.1, Vista 6.0, Windows 7 ni 6.1. Kompaila ya Visual Studio kuanzia 2012 huandika 6.0 yenyewe usipoiambia vingine. XP ikiiona hiyo inajibu kuwa faili si programu halali ya Win32, na hapo ndipo mtu anapodhani faili limeharibika njiani. Halikuharibika. Na wale wanaoibadilisha namba hiyo kwa mkono wanashinda mlango wa kwanza tu, maana yale majina yanayokosekana bado yanakosekana.

Cha tatu ni chuma chenyewe. XP nyingi ni za biti 32, na programu nyingi za leo hutolewa kwa biti 64 peke yake. Prosesa kama Pentium III na Athlon XP hazina hata maagizo ya SSE2, na kompaila nyingi za sasa huyachukulia kuwa yapo.

Cha nne ndicho kinachowatesa watu zaidi: mtandao. XP kwa uwezo wake mwenyewe inaishia TLS 1.0, lugha ya siri ya kuzungumza na seva ambayo GitHub na PyPI waliacha kuikubali mwaka 2018. Halafu tarehe 30 Septemba 2021 kikaisha muda cheti kikuu ambacho tovuti nyingi zinazotumia Let's Encrypt zilikitegemea, na mashine zisizokuwa na cheti kipya zikaanza kuzikataa. Kwa hiyo kabla hujafika kwenye programu, brauza ya zamani haiwezi hata kuufungua ukurasa wa kuipakua.

Basi tufanye nini? Kwa mwenye haja ndogo, chukua toleo la mwisho lililokubali. Kwa XP yenye Service Pack 3 ni Python 3.4.4, na kwa Windows 7 ni 3.8.10, baada ya hayo mfululizo wa 3.4 na 3.8 haukutoa tena kisakinishi cha Windows. Windows 7 iwe na Service Pack 1 na kiraka cha KB2999226, bila hicho utalia. Maktaba zake zipakue kwenye mashine mpya kwa amri ya pip download, ukitaja toleo la Python na aina ya mashine, kisha uzibebe kwa flashi. Lakini ujue unachokikosa: zile f-string ambazo kila kitabu cha leo kinazitumia ziliingia Python 3.6. Kwenye 3.4 ni kosa la sarufi, basi.

Njia ninayoipenda zaidi ni kuacha kuandikia programu juu ya mashine kuukuu. Andika kwenye mpya, kusanya kwa ajili ya ile ya zamani. Go 1.10 kwenye kompyuta yoyote inakutolea exe moja ya biti 32 inayotembea juu ya XP bila ya kusakinisha chochote. Wenye C wanayo MinGW, na Visual Studio 2019 ina seti ya vifaa iitwayo v141_xp, ambayo lazima uichague mwenyewe wakati wa kusakinisha.

Wapo pia mafundi wa kujitolea waliotengeneza viraka vya kujaza fanksheni zinazokosekana, kama One-Core-API kwa XP na VxKex kwa Windows 7. Kazi ya akili kweli, nawavulia kofia. Lakini One-Core-API inabadilisha mafaili ya mfumo wenyewe. Kwa mashine ya kuchezea, haya. Kwa mashine iliyoshikilia kazi ya watu, hapana.

Na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu sisi wa vyuo tunazo mashine za namna hiyo. Katika maabara mbili nilizopita, kifaa cha kupimia kilikuwa kizima kabisa, lakini draiva yake inakubali XP tu, na kadi yake huingia kwenye tundu ambalo kompyuta za leo hazinalo. Kununua kifaa kingine ni bei ya nyumba. Katika hali hiyo usiifanye XP iwe ya kisasa. Iache ifanye kazi moja tu, kuzungumza na kifaa, na pembeni yake weka kompyuta mpya ifanye mengine yote. Kati yao pitisha waya wa siriali, ule wa RS-232. Mistari kumi na tano ya Python 3.4 inatosha kusoma matokeo na kuyatuma. Kwa mwendo wa 9600 unapata takriban herufi 960 kwa sekunde, yaani vipimo arobaini na nane vya herufi ishirini ishirini. Kwa vifaa vingi vya maabara hiyo ni ziada. Upande wa pili NumPy na michoro yote unayoitaka.

Kwa nini siriali na si kebo ya mtandao? Kumbukeni WannaCry ya Mei 2017. Ilijisambaza yenyewe kupitia njia ya Windows ya kugawana mafaili, ikayafunga mafaili na kudai pesa, na hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa. Microsoft wenyewe walilazimika kutoa kiraka cha XP, miaka mitatu baada ya kuizika. Waya wa siriali haupitishi kitu cha namna hiyo. Flashi inapitisha, kwa hiyo nayo muwe na adabu nayo. Na kabla ya lolote, chukueni nakala kamili ya diski. Diski ya 2004 haikuahidini kesho. Ikiwa programu ya zamani haihitaji kadi maalum, nakala hiyo inaweza hata kuendeshwa ndani ya VirtualBox kwenye kompyuta mpya, na ile ya zamani ikapumzika.

La mwisho ni makontena. Tangu Oktoba 2025 maofisi ya Uingereza na ya Ghuba yanatupa kompyuta zisizoweza kupokea Windows 11, ambayo inataka TPM 2.0 na prosesa zilizomo katika orodha yake. Jamaa wanazikusanya kuzipeleka Unguja, Pemba, Mombasa. Jambo jema. Lakini mkizipeleka na Windows 7 ndani, mwanafunzi wa Chake Chake atafuata somo la Python hatua kwa hatua, atapata kosa kwenye mstari wa tatu, na hatasema mfumo ni wa zamani. Atasema yeye hana kichwa cha kompyuta. Nimewasikia wakisema hivyo, na inaniuma.

Mashine hizo hizo, ikiwa ni za biti 64 na zina RAM ya GB 4, zinabeba Linux ya leo na Python ya leo bila ya hila yoyote. Zile za biti 32 zinabakia na Debian 12, kwani Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi chake. Futeni diski, wekeni Linux, tieni na maelezo rasmi ya Python, ambayo yanapakulika yote kwa pamoja, pamoja na folda ya maktaba zinazotumika sana, kwa sababu bando kule ni ghali. Na kila laptopu iende na chaja yake yenyewe, si ile iliyookotwa kwenye droo.