Mashine ya Kumaliza Ubishi wa Mifuniko

Washikaji, ubishi niliousikia Songo Songo, kisiwa cha Kilwa kilikogunduliwa gesi mwaka 1974, si mchezo! Mfuniko wa ndoo upi unaruka mbali? Kila mtu na wake, dau soda.

Mimi nasema mkono si shahidi: unachoka, una upendeleo. Tengenezeni mashine. Mkono wa ubao uzunguke kwenye msumari mnene, uvutwe na tyubu ya baiskeli hadi alama ileile. Ubavuni pigilieni kipago chenye mpira, mfuniko ubiringike hapo kabla ya kuchomoka. Usipozunguka, unapinduka, kwishney!

Kila mfuniko urushwe mara kumi, alfajiri, upepo haujaamka. Pimeni kwa mshipi. Atakayeshindwa alipe soda, asinune!