Steve Bruce: Beki Aliyepandisha Timu Mara Nne

Aprili 10, 1993, dakika ya 86, Old Trafford. Manchester United wako nyuma 1-0 mbele ya Sheffield Wednesday, na ubingwa wa ligi hawajauonja kwa miaka 26. Inapigwa kona, Steve Bruce anaruka na kusawazisha kwa kichwa. Kwa kuwa mwamuzi aliumia akabadilishwa, muda wa nyongeza ni mrefu, na humo Bruce anafunga kichwa cha pili. Mwezi uliofuata, kombe likaenda Old Trafford.

Beki huyo hakuwahi kuichezea timu ya wakubwa ya taifa la Uingereza, na kwangu hiyo ni dhuluma. Ujanani alikataliwa na klabu kadhaa, ikiwemo Newcastle aliyoishabikia. Alikuwa mbioni kujifunza ufundi bomba kwenye kiwanda cha meli cha Swan Hunter pale Gillingham ya daraja la tatu ilipomjaribu. Akapita Norwich, akatua United mwaka 1987. Msimu wa 1990/91 alifunga mabao 19, mengi ya penalti.

Ukocha aliuanza Sheffield United mwaka 1998, akiwa kocha mchezaji. Mwanzoni alihamahama mno, na lawama hiyo ilimstahili. Lakini tazama alichofanya baadaye: Birmingham aliipandisha Ligi Kuu mwaka 2002, ikashuka, akairudisha 2007. Hull City akaipandisha 2013 na tena 2016. Zote hizo alizipandisha kutoka Championship, ligi ya daraja la pili yenye timu 24 na mechi 46 kwa kila timu, na nafasi za kupanda ni tatu tu. Kuna makocha wenye majina makubwa ambao hawajawahi kutoka salama humo hata mara moja. Mwaka 2014 Hull walifika fainali ya Kombe la FA, wakaongoza 2-0 ndani ya dakika nane, kisha Arsenal wakawafunga 3-2 katika muda wa ziada.

Newcastle walimwajiri mwaka 2019. Mashabiki wengi hawakumtaka. Walikuwa bado wanamlilia Rafael Benítez, kocha aliyemtangulia. Akamaliza nafasi ya 13, kisha ya 12, chini ya mmiliki aliyechukiwa na mji mzima. Oktoba 2021 Wasaudi wakainunua klabu. Bruce akaachiwa mechi moja, ya 1,000 katika ukocha wake, akafungwa 3-2 na Tottenham, na siku tatu baadaye akaondoka. Miezi michache tu ilipita, akawa tena kazini, West Bromwich Albion.