Ustaarabu, Ukabaila na Mwamko: Istilahi za Historia ya Ulaya Zikipimwa Kasulu

Mwalimu wa historia mjini Kasulu, atakapo kueleza kwa Kiswahili jinsi Ulaya ilivyokua tangu jamii za mwanzo hadi karne ya 16, hukutana na kikwazo katika kichwa cha somo lenyewe: Ustaarabu wa Magharibi. Magharibi ya Kasulu ni Buhigwe, kisha Manyovu, kisha Burundi. Na ustaarabu, kwa asili ya neno, ni kuishi kama Mwarabu. Mwanafunzi makini akiyaunga maneno hayo kama yalivyo, atapata Uarabu wa Burundi, jambo ambalo mwandishi wa kitabu hakulikusudia hata kidogo.

Katika makala haya tunakusudia kuzichunguza istilahi tatu zitumikazo sana katika somo hilo, na kuzipima kwa historia ya Buha, yaani nyanda za juu za Kasulu na Kibondo. Istilahi ya historia haitaji kitu tu, hukihukumu pia. Mtoto akishafundishwa kuwapima Warumi kwa neno fulani, atawapima na babu zake kwa neno hilo hilo. Haja hiyo imeongezeka tangu mtaala wa mwaka 2023 ulipoleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lifundishwalo kwa Kiswahili.

Tuanze na ustaarabu. Kabla ya karne ya 19, sifa ya mtu wa mji katika pwani yetu iliitwa uungwana. Ulipokuja utawala wa Mabusaidi Unguja, ndipo ustaarabu ulipolipiku neno hilo, na kinyume chake kikawa ushenzi. Mshenzi alikuwa mtu wa bara. Misafara ya pwani ilikwisha kuweka makazi Ujiji, chini ya milima ya Buha, Burton na Speke walipofika huko Februari 1858, na bila shaka msamiati huo ulikuwa umefika pamoja na shanga na nguo.

Lakini tazama mambo yalivyokuwa. Novemba 1871, Stanley alipokuwa akipita Buha kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone, alitozwa hongo kubwa na watawala wa nchi, mmoja baada ya mwingine, hata akaamua kuimaliza safari kwa kunyemelea usiku. Nchi yenye mipaka inayojulikana, watoza ushuru na watawala wanaotiiwa ina dola. Msafiri aliyepunja ushuru ndiye aliyeandika kitabu, na sifa ya ustaarabu ikabaki kwake.

Yafaa tutazame pia neno lenyewe la Kizungu. Limetokana na civis, neno la Kilatini lenye maana ya raia wa mji. Kiarabu nacho kina neno lililojengwa kwa wazo hilo hilo: tamaddun, litokanalo na madina, yaani mji. Kiswahili kililipokea likawa utamaduni. Kwa mantiki ya asili, basi, utamaduni ndilo neno lililostahili kazi hii. Ila lilikwisha kupata kazi nyingine. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, neno hilo lilitiwa muhuri wa kuwa jumla ya mila, sanaa na desturi za watu, na leo hakuna awezaye kulirudisha mjini.

Hatupendekezi kuling'oa neno ustaarabu. Limekwisha kuota mizizi, na wengi walitumiao hawasikii tena Uarabu ndani yake. Tunapendekeza kitu kidogo zaidi: neno Magharibi liondolewe katika sehemu yote ya somo inayotangulia Zama za Kati. Maandishi ya kwanza yalipatikana Mesopotamia, yapata mwaka 3200 K.K., na Mesopotamia iko Asia. Misri iko Afrika. Wagiriki walijifunza herufi kwa Wafoinike, watu wa pwani ya Lebanoni. Tukisema ustaarabu wa nchi za Mediterania, tutakuwa tumesema kweli, na mwanafunzi atajua aangalie wapi katika ramani.

Zama za Kati zenyewe zina taabu yake. Ni kati ya nini na nini? Kati ya kuanguka kwa Rumi ya magharibi mwaka 476 na kuhuishwa kwa elimu ya kale. Kwetu hazikuwa kati ya chochote. Uvinza, kusini ya Kasulu, uchunguzi wa akiolojia umeonyesha kuwa chumvi ilikuwa ikichemshwa tangu karne ya 5 au ya 6, yaani wakati ule ule ambao vitabu vingine huuita Zama za Giza. Kilwa nayo ilikuwa katika neema yake Ibn Battuta alipoitembelea mwaka 1331. Kwa hiyo iandikwe Zama za Kati za Ulaya, kila mara, hata kama mpiga chapa atalalamikia urefu.

Tunafika sasa penye uzito, nao ni ukabaila. Kabaila lina asili moja na kabila, na katika Kiswahili ni mtu wa ukoo mkubwa. Wengine hutumia umwinyi, kutokana na mwinyi, mwenye mji wa pwani. Maneno yote mawili yamepewa kazi ya kutaja mfumo wa Ulaya ambao ndani yake bwana alimpa mfuasi wake ardhi, iliyoitwa kwa Kilatini feudum, na mfuasi akala kiapo cha kumtumikia vitani. Chini yao walikuwapo wakulima waliofungwa na ardhi hiyo. Vitabu vyetu vya shule vikaongeza hatua moja: ubugabire wa Buha na nyarubanja ya Buhaya vikatiwa katika kapu hilo hilo la ukabaila.

Nyarubanja ilihusu ardhi kweli, na sheria za miaka ya 1960 ziliifuta ili mkulima apate haki juu ya shamba alimalo. Ubugabire ni jambo jingine. Mwenye ng'ombe, aghalabu Mtutsi, alimkabidhi Mha ng'ombe. Mpokeaji, aitwaye mgabire, alipata maziwa, samadi na heshima ya kuwa na mfugo. Naye akamlipa bwana wake kwa kazi, pombe na utii. Ardhi haikuwamo katika mapatano hayo. Iligawiwa na mteko, mkuu wa ukoo wa wenyeji wa kale, ambaye ndiye pia aliyeiombea nchi katika matambiko. Juu yake walikuwapo watwale waliowekwa na mwami, na juu kabisa mwami mwenyewe, kama yule wa Heru, kiti ambacho tangu mwaka 1946 kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, hadi machifu walipoondolewa kisheria mwaka 1963.

Tofauti hii si ndogo. Mkulima wa Ulaya aliyemkosea bwana wake alihatarisha shamba. Mgabire aliyemkosea wake alihatarisha ng'ombe, na shamba lake lilibaki katika mikono ya mteko. Hatusemi kwamba ubugabire haukuwa na unyonyaji. Ulikuwa nao, na wazee wa Kasulu hawahitaji kufundishwa hilo na kitabu. Tunasema kwamba unyonyaji wa namna mbili ukipewa jina moja, mwanafunzi hujua jina na hukosa kujua namna. Isitoshe, hata huko Ulaya jina hilo la mfumo lilibuniwa karne nyingi baadaye, na Susan Reynolds, katika kitabu chake cha mwaka 1994, amelitilia shaka kubwa.

Pendekezo letu ni kwamba ukabaila ubaki kuwa jina la mfumo wa Ulaya, na ugabire uingizwe katika Kiswahili kwa maana yake yenyewe. Ikulu ilitoka Unyamwezi na kung'atuka kulitoka Uzanaki. Hakuna sababu ya Kiha kubaki nje. Tena mzizi wake si mgeni, kwani ni ule ule wa kugawa. Kwa mzizi huo tunaweza hata kumwita mfuasi wa bwana wa Kizungu mgawiwa. Ama yule mkulima wa chini, wapo waliomwita mtwana. Neno hilo halifai. Mtwana kwetu ni mtumwa mwanamume, anayeuzika peke yake sokoni. Yule wa Ulaya, kwa kawaida, aliuzwa ardhi ilipouzwa. Mpaka lipatikane neno zuri zaidi, aitwe kwa urefu mkulima mfungwa wa ardhi.

Istilahi ya tatu ni ile ya kipindi kilichoanza Italia katika karne ya 14. Vasari, mwaka 1550, alikiita kuzaliwa upya kwa sanaa. Ufufuko haufai, darasani Kasulu, neno hilo huwapeleka wanafunzi moja kwa moja kwenye Pasaka. Mwamko limezoeleka, lakini latuambia kwamba Ulaya ilikuwa imelala na ikaamka yenyewe. Haikuwa hivyo. Vitabu vya Wagiriki vilitafsiriwa kwa Kiarabu Baghdad, na katika karne ya 12 vikatafsiriwa kwa Kilatini mjini Toledo. Njia hiyo ya Kiarabu ndiyo iliyotuletea sisi falsafa, kalamu na karatasi, maneno matatu yenye asili ya Kigiriki. Kwa sababu hiyo twapendelea Uhuisho: kitu kilichohuishwa kilikuwapo, na kuna aliyekitunza. Mwalimu asisahau kuongeza kwamba uhuisho huo ulifika pwani yetu kwa merikebu, Vasco da Gama akiwa Malindi mwaka 1498, na Almeida akiteka Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505.

Limebaki jina la wanazuoni wa kipindi hicho, akina Petrarch, waliojishughulisha na sarufi, ushairi, historia na maadili ya Wagiriki na Warumi. Wafasiri wengine wameiita elimu yao utu. Msomaji wa Kiswahili akisikia utu hudhani walikuwa wakihubiri huruma kwa jirani. Adabu, katika maana yake ya zamani iliyojumlisha fasihi na malezi, lilikaribia, lakini leo ni salamu na kupiga magoti. Tumeliacha wazi, nasi tutapokea kwa furaha mapendekezo ya wasomaji, hasa walimu.