Diski Ikijaa, Panua Kuanzia Chini

Studio ya video za harusi pale Mwihoko, ukishapita Githurai, hujaza diski upesi. Harusi moja hula makumi ya gigabaiti, na wateja hurudi hata baada ya miezi kuomba nakala. Nafasi ikiisha, wengi hununua diski kubwa zaidi na kukesha wakihamisha kila kitu. Kwenye Linux kazi hiyo haihitajiki.

Ugawaji wa kawaida wa diski ni kama ploti za Mwihoko: ukuta ukishasimama, jirani hakusogezei hata futi moja. LVM (Logical Volume Manager), ambayo Heinz Mauelshagen aliiandikia Linux mwaka 1998 kwa kufuata ile ya mfumo wa HP-UX, huondoa kuta hizo. Diski zote huingia katika kundi moja, zikakatwa vipande ambavyo kwa kawaida ni vya megabaiti 4, na kila voliumu, yaani sehemu ya kuhifadhia faili, hupewa vipande kadiri ya haja, viwe vimetoka diski hii au ile.

Tuseme kundi linaitwa studio, voliumu inaitwa video, na diski mpya ni /dev/sdb. Hakikisha kwanza ni tupu, kisha:

pvcreate /dev/sdb
vgextend studio /dev/sdb
lvextend -r -L +500G /dev/studio/video

Ile -r ndiyo husahaulika. Bila yake voliumu hukua lakini mfumo wa faili ulio juu yake hubaki na ukubwa wa zamani, na amri ya df haionyeshi badiliko lolote. Ukiwa na ext4 au XFS, kazi hii hufanyika huku mhariri akiendelea kukata video zake.

Kupunguza ni kinyume chake, na hapo ndipo data hupotea. Mfumo wa faili utangulie kupungua, voliumu ifuate. Ukianza na voliumu, unakata mkia wa faili zenyewe. Ext4 lazima ishushwe kwa umount kwanza. XFS usitegemee kuipunguza: tengeneza voliumu nyingine ndogo, kisha nakili faili humo.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila mwenye studio: voliumu iliyotandazwa juu ya diski mbili bila nakala hufa diski yoyote kati ya hizo ikifa. Weka nakala kwenye diski ya nje, nje ya jengo. Na diski kuukuu ikianza kutoa hitilafu, usiisubiri: pvmove huhamishia vipande vyake kwenye diski nyingine kazi ikiendelea, kisha vgreduce huitoa kundini.