Maonyesho ya Ususi Shuleni: Tuonyeshe Vitu au Tuonyeshe Kazi?

Walimu wengi wanaposikia neno maonyesho hufikiri juu ya meza iliyotandikwa kitambaa safi, vitu vizuri vilivyopangwa juu yake, na mgeni rasmi apitaye akitikisa kichwa kwa kuridhika. Sisi nasi tulifikiri hivyo kwa muda mrefu. Katika makala haya tutajaribu kueleza ni jambo gani lililotufanya tuyaache mawazo hayo, na ni utaratibu gani tunaowafundisha sasa wanachuo wetu wanaokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa. Mfano wetu ni ususi wa vikapu vya milulu. Hata hivyo mwalimu anayefundisha ukili, ufumaji au ufinyanzi atakuta kwamba mengi ya tunayoyasema yanamhusu pia.

Kazi yenyewe

Vikapu vinavyojulikana nchini na ng'ambo kwa jina la vikapu vya Iringa husukwa na wanawake, hasa wa Kihehe, kwa milulu, yaani majani marefu yaotayo mahali penye majimaji. Milulu hukatwa, huanikwa juani mpaka ikauke, huchambuliwa kwa urefu na unene, kisha husukwa kuanzia kitakoni kupanda juu. Nyuzi zinazosimama, ambazo mfuma nguo angeziita mitande, hushikwa na mishindio miwili inayosokotana kila ipitapo mtande mmoja. Kwa hiyo ukubwa, umbo na uimara wa kikapu hutegemea jambo moja dogo: kiasi cha nguvu ambacho mkono wa msusi huvutia mshindio katika kila mzunguko. Mkono ukivuta sana, kikapu hujikunja ndani. Ukilegeza, hupanuka na kuyumba.

Tumelieleza jambo hili kwa sababu ndilo msingi wa makala yetu. Mvuto wa mkono haufundishiki kwa maneno ubaoni. Mtoto hujifunza kwa kukosea, kulitazama kosa lake, na kujaribu tena.

Tukio lililotufundisha

Miaka michache iliyopita tulikwenda kumpima mwanachuo mmoja katika shule ambayo hatutaitaja. Siku hiyo wazazi walikuwa wamealikwa, na darasa la tano liliandaa maonyesho ya ususi. Mezani palikuwa na vikapu 22, vyote vimenyooka, midomo yake imefungwa vizuri. Tulifurahi, tukaanza kujaza alama katika fomu yetu.

Miongoni mwa wageni alikuwamo bibi mmoja, msusi wa siku nyingi wa kitongoji cha jirani. Aliwasalimu watoto, "Kamwene," nao wakamwitikia. Akachukua kikapu kimoja, akakigeuza kitako juu, akakipapasa kwa kidole gumba. Kisha akasema kwa upole, bila kumtazama mtu, "Mkono huu naujua, maana nimeufundisha mwenyewe. Mwenye mkono huu ana wajukuu."

Watu wakacheka, lakini watoto waliinamisha vichwa. Bibi akauliza, "Na vyenu viko wapi, wajukuu zangu?" Pakawa kimya. Baadaye mtoto mmoja wa kike akaenda stoo, akarudi na kikapu kilicholalia upande mmoja kama mtu aliyechoka. Bibi akaketi kwenye benchi, akamweka mtoto karibu yake, akamwuliza kikapu kilianzia wapi kuinama. Mtoto akahesabu mizunguko kwa kidole, akasimama kwenye mmoja. "Hapa, bibi. Hapa nilivuta sana."

"Basi umekwisha kujua," bibi akajibu.

Wageni walipoondoka tulimwita mwanachuo wetu kwa nia ya kumkemea kwa udanganyifu. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Kama ningeviweka mezani vile vya stoo, mngenipa alama ngapi?" Tuliitazama fomu. Ilikuwa na nafasi ya alama kwa unadhifu wa vitu vilivyoonyeshwa, kwa wingi wake na kwa mpangilio wa meza. Haikuwa na mahali popote pa kuuliza nani amevitengeneza. Hatukuwa na jibu la kumpa. Ni kweli kwamba yeye aliazima vikapu vya akina mama, lakini aliyemfundisha kuazima ni fomu, na fomu tuliiandika sisi.

Kwa nini kitu kilichokamilika huificha kazi

Kosa hili si la Kilolo peke yake. Limo katika tabia ya kazi za mikono zenyewe, kwamba kadiri zinavyofanywa vizuri ndivyo zinavyoficha taabu iliyozizaa. Tuchukue mfano wa mbali, wale wafugaji wa Kirigizistani, huko Asia ya Kati, wanaotengeneza mazulia kwa sufu ya kondoo. Sufu hiyo haisokotwi wala haifumwi. Hutandazwa tabaka juu ya tabaka, hunyunyiziwa maji ya moto, hukandamizwa na kuviringishwa kwa muda mrefu mpaka nyuzi zake zishikane zenyewe na kuwa kitu kimoja kizito. Mgeni akiliona zulia limekamilika hawezi kutambua hata mojawapo ya hatua hizo. Mwaka 2012 UNESCO iliutia ufundi wa mazulia hayo, yaitwayo ala-kiyiz na shyrdak, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mazulia yenyewe yaweza kuwekwa kabatini na kutunzwa. Kilichohitaji kulindwa ni ujuzi, nao hukaa katika mikono ya watu. Wazee wakiondoka bila ya vijana kuupokea, umetoweka. Jirani zetu wa Uganda nao wana nguo za magome ya miti, ambazo utengenezaji wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005. Huko nako kinachothaminiwa ni utengenezaji, yaani kuligonga gome kwa nyundo ya mti mpaka lilainike.

Mfano wa karibu uko mjini Iringa. Katika kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, watu wenye ulemavu hufuma, hushona na kutengeneza karatasi. Pamoja na duka la kuuzia bidhaa, mgeni hupewa nafasi ya kuingia karakana na kuwaona mafundi wakiwa kazini. Atokapo amebeba kitu, na zaidi ya kitu amebeba heshima kwa aliyekitengeneza. Shule inaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama kubwa.

Utaratibu tunaoupendekeza

Kwanza, mwalimu amwalike msusi wa kijijini awe mwalimu mwenzake. Mwaliko upitie kwa uongozi wa kijiji na kamati ya shule, na msusi apewe kiti, si kusimama pembeni. Mwalimu mwenyewe aketi na kusuka pamoja na watoto, hata kama kikapu chake kitakuwa kibaya kuliko vyote. Watoto waandike majina ya vifaa na sehemu za kikapu kwa Kihehe kama wanavyoyasikia, kisha watafute maneno ya Kiswahili. Maonyesho yapangwe kwa wakati ambao mvua zimekwisha, maana milulu isiyokauka vema huota ukungu.

Pili, kila hatua ihifadhiwe. Katika darasa la watoto 40 twaweza kupata makundi 8 ya watoto watano watano. Kila kundi liache kazi moja mahali tofauti: la kwanza lilete milulu mibichi na iliyokauka, la pili kitako peke yake, la tatu mizunguko michache ya kwanza, na kadhalika hadi mdomo na mkono wa kubebea. Vitu hivi vikipangwa kwa mfuatano, mgeni husoma kazi yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Aidha vitakuwa zana za kufundishia za mwaka utakaofuata.

Tatu, kila kazi iwe na kadi iliyoandikwa na mtoto mwenyewe. Kadi iseme jina lake, siku alizotumia, mahali aliposhindwa na alivyofanya baada ya kushindwa. Sentensi nne zatosha. Hili ni zoezi la Kiswahili lenye maana kuliko insha nyingi tunazotoa, kwa kuwa mtoto ana jambo la kweli la kusema.

Nne, bei itokane na hesabu. Tuseme mtoto amesuka saa 1 kwa siku kwa siku 12, na vifaa vimegharimu shilingi 1,200. Kikapu kikiuzwa shilingi 6,000, zinabaki 4,800, yaani shilingi 400 kwa kila saa. Mnunuzi akishusha bei hadi 3,000, zinabaki 1,800, yaani shilingi 150 kwa saa. Watoto wakikokotoa hesabu hii, wengi hunyamaza na kuwafikiria mama zao. Mwalimu asiwahimize kusema neno, ila awaache wafikiri.

Tano, siku yenyewe watoto wasisimame nyuma ya meza kama wauza duka. Waketi mkekani wakiwa na vikapu visivyokamilika, wasuke, na mgeni yeyote awe na ruhusa ya kuuliza. Mgeni rasmi naye apewe milulu ajaribu mizunguko miwili. Vikapu vya akina mama na mabibi visifichwe, bali viwekwe kwenye meza yao ya heshima, vikiwa na majina ya wenyewe kwa idhini yao. Kwa njia hiyo kazi ya mtu mzima itakuwa lengo la kufikiwa, badala ya kuwa barakoa ya kujifichia.

Upimaji

Fomu yetu mpya ina alama 100. Kati ya hizo, 40 hutolewa kwa mtoto aliyeweza kuiendeleza kazi mbele ya mpimaji. 30 kwa kueleza hatua zake kwa mfuatano. 20 kwa kuonyesha kosa na namna ya kulisahihisha. Na 10 zilizobaki ni za unadhifu. Hatukuufuta unadhifu, kwani msusi hodari ni nadhifu. Tumeurudisha mahali pake tu. Mpimaji huanza kwa kumpa mtoto kikapu chake na kumwambia, "Endelea." Neno hilo moja hutenganisha kazi iliyofanywa na kazi iliyoazimwa, na wala hapana haja ya kumshutumu mtu.

Matatizo tuliyokutana nayo

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba utaratibu huu ni rahisi. Tulipoujaribu katika shule ile ile, vikapu vilivyouzwa vilikuwa vichache kuliko mwaka uliotangulia, na mfuko wa shule uliona pengo. Mzazi mmoja alisimama akauliza kama alichangia fedha ili aonyeshwe vikapu vilivyopinda. Mwalimu mkuu alikuwa na wasiwasi juu ya viongozi watakavyoichukulia shule yake. Hoja hizi ni za haki, na mwalimu mchanga asizidharau. Ushauri wetu ni kuwaeleza wazazi mapema, katika kikao, kile watakachokiona na sababu yake. Yule mzazi hatukumshawishi kwa maneno. Alinyamaza alipomwona mwanawe akimfundisha mgeni rasmi kushika mishindio miwili. Kama aliridhika, hakutuambia.

Tatizo la pili ni muda. Kazi hii yahitaji majuma sita au zaidi, nayo haiwezi kufanywa kwa haraka ya juma la mwisho. Haina budi kuingizwa katika azimio la kazi tangu mwanzo wa muhula, ikiungana na vipindi vya Kiswahili na Hisabati kama tulivyoonyesha.

Hitimisho

Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka kazi ya mikono iwe sehemu ya elimu yenyewe. Tangu hapo majina ya masomo yamebadilika mara nyingi, na mwaka 2024 mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika ukiwa na mkondo wa amali kwa shule za sekondari. Mtoto wa Kilolo anayemaliza shule ya msingi leo aweza kuulizwa kesho mikono yake inajua nini. Siku hiyo kikapu kilichoazimwa hakitamsaidia.

Kila mwaka, ifikapo tarehe 8 Agosti, Nyanda za Juu Kusini hukutana kwa maonyesho ya Nane Nane katika uwanja wa John Mwakangale jijini Mbeya, na wapo walimu wanaotamani kupeleka huko kazi za shule zao. Nia hiyo ni njema. Tunawaomba tu kwamba kabla ya kufunga mizigo wamkabidhi kila mtoto kikapu chake, wamwambie "Endelea," kisha watazame mikono yake.