Umeumia ndani ya matatu? Fidia yako huanzia hospitalini

MTAJE mtu Kapkatet na atafikiria majani chai, mvua ya alasiri na ile barabara ya kutoka Kericho kuelekea Sotik na Kisii. Ni barabara nzuri kwa macho, lakini ina kona na miteremko, na mvua inaponyesha lami huteleza. Wengi wanaoishi Nairobi na Nakuru huipita wanapokwenda kuwaona wazazi.

Kaunti ya Kericho imeshuhudia misiba mikubwa. Oktoba 10, 2018, zaidi ya watu 50 walifariki karibu na Fort Ternan basi lililotoka Nairobi likielekea Kakamega lilipobingirika usiku. Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, likagonga magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, na takriban watu 50 wakapoteza maisha.

Ajali kama hizo hujaza magazeti kwa wiki nzima. Lakini zipo nyingine ndogo ndogo ambazo haziandikwi popote: matatu imeingia mtaroni, watu watatu wameumia, gari limevutwa na safari zikaendelea. Ni katika ajali hizi ambapo majeruhi wengi hupoteza haki yao, na mara nyingi huipoteza katika siku chache za kwanza bila kujua.

Hebu tuchukue mfano. Mama mchuuzi wa mboga anapanda matatu Kapkatet kwenda Kericho. Gari linateleza na kugonga ukingo wa barabara. Anahisi maumivu kidogo ubavuni na shingoni, lakini anaweza kutembea. Kondakta anamrudishia nauli na kumwongezea Sh1,000 "za dawa". Mama anashukuru Mungu kuwa yu hai, anakwenda nyumbani na kujikanda kwa maji moto.

Mama huyu amefanya makosa mawili. La kwanza linaweza kumgharimu maisha, na la pili linaweza kumgharimu fidia. Ajabu ni kwamba dawa ya makosa yote mawili ni moja: angekwenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Maumivu yanayojificha

Mwili ulioshtuka huficha maumivu. Mtu anaweza kutoka ndani ya gari lililopinduka, akasaidia kubeba wenzake, kisha akaanguka saa kadhaa baadaye.

Jeraha la kichwa ndilo la kuogopwa zaidi. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu. Dalili zake ni kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, udhaifu wa mkono au mguu, na damu au majimaji kutoka puani au masikioni. Mgonjwa mwenye dalili hizi asiachwe "alale apumzike". Apelekwe hospitalini mara moja.

Tumbo nalo lina siri zake. Bandama, kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto, kinaweza kupasuka baada ya kugongwa na kiti au mlango, na pengine kikavuja damu siku kadhaa baadaye. Maumivu ya tumbo yanayofika hadi bega la kushoto, kizunguzungu na weupe wa midomo ni ishara za hatari.

Maumivu ya shingo na mgongo aghalabu huanza siku ya pili. Mwanamke mjamzito aliyehusika katika ajali apimwe hata kama hana mchubuko wowote, kwa kuwa kondo la nyuma linaweza kuachana na mfuko wa uzazi.

Kwa wale wanaofika kwanza kuokoa: usimvute majeruhi shingo wala kumkalisha kwa nguvu kwenye kiti cha gari dogo ikiwa hakuna moto wala hatari nyingine hapo alipo. Uti wa mgongo uliovunjika unaweza kukatika kabisa kwa sababu ya msaada usio na ujuzi.

Yafaa pia ieleweke kwamba Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Majeruhi asiogope kupelekwa hospitalini kwa kuwa hana pesa mfukoni.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo na fidia. Hakimu hakuwa ndani ya matatu wala hakuona damu. Anachokiona ni karatasi, na karatasi ya kwanza ni ile ya hospitali.

Daktari au afisa wa kliniki anapokupokea huandika tarehe, saa, jinsi ulivyoumia na alichokiona mwilini. Maelezo hayo yaliyoandikwa siku ya ajali yana uzito kuliko ripoti yoyote itakayotengenezwa baadaye. Mwambie wazi kwamba uliumia ukiwa abiria na utaje kila sehemu inayouma, hata ile unayoiona ndogo. Shingo isipotajwa siku ya kwanza, wakili wa kampuni ya bima atauliza mwaka mmoja baadaye ilianza kuuma lini.

Mama wa mfano wetu akienda hospitalini wiki mbili baadaye, ataulizwa kama hakuanguka shambani.

Zifuatazo ni stakabadhi za kuhifadhi:

Kwanza, karatasi za matibabu, picha za eksirei na barua ya kuruhusiwa kutoka wodini. Usimwachie mtu nakala halisi bila wewe kubaki na nyingine.

Pili, nambari ya OB. Ripoti ajali katika kituo cha polisi kilicho karibu. Ikiwa umelazwa, mtume jamaa. Hakikisha jina lako limo katika orodha ya majeruhi na limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, kwani herufi moja iliyokosewa imewahangaisha wengi.

Tatu, abstrakti ya polisi. Hii huonyesha nambari ya gari, jina la mwenye gari, kampuni ya bima na nambari ya bima. Bila hiyo hujui utamshtaki nani.

Nne, fomu ya P3, ambayo polisi huitoa bila malipo na daktari huijaza kueleza kiwango cha majeraha.

Tano, risiti zote za dawa, za teksi ya kwenda kliniki na za magongo. Mahakama zetu ni kali katika jambo hili: gharama uliyotumia hulipwa ikithibitishwa, na isipokuwa na risiti huhesabiwa kama haikutumika.

Sita, ushahidi wa kipato chako. Mchuuzi aweke daftari la mauzo au rekodi za pesa za simu. Mkulima wa chai ana stakabadhi za majani aliyopeleka kiwandani.

Nani hulipa?

Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, hulazimisha kila gari la abiria kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine, wakiwemo abiria. Dereva akizembea, mwenye gari huwajibika kwa kosa la mfanyakazi wake, na kampuni ya bima hulipa kwa niaba yake. Magari mawili yakigongana, abiria anaweza kuwashtaki wenye magari yote mawili na kuiachia mahakama igawe lawama. Mtembea kwa miguu na mchuuzi wa kando ya barabara pia wana haki hiyo.

Hata hivyo, bima ina mpaka. Sheria hiyo inaiwajibisha kampuni ya bima hadi Sh3 milioni kwa mdai mmoja. Kinachozidi hapo hudaiwa mwenye gari mwenyewe.

Wasafiri wa Kericho, Bomet na Kisii wanazijua Probox. Gari dogo la kibinafsi linalobeba watu tisa kwa nauli huenda lina bima, lakini si bima ya kubeba abiria wa kulipa. Ajali ikitokea, kampuni hupata mwanya wa kukataa kulipa, na majeruhi hubaki akimfuata mwenye gari ambaye pengine hana mali nyingine. Kabla ya kujibanza ndani yake kwa kuokoa dakika 20, fikiria hilo.

Wachuma chai wanaobebwa na gari la mwajiri kwenda au kutoka kazini bila malipo wana njia nyingine. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya 2007 huihesabu ajali ya namna hiyo kuwa imetokea kazini. Mwajiri aarifiwe kabla ya miezi 12 kupita.

Fidia yenyewe huwa na mafungu kadhaa: maumivu na mateso, ulemavu uliobaki, kipato kilichopotea, gharama zilizotumika na matibabu yajayo, kwa mfano upasuaji wa kutoa vyuma mfupani. Kwa aliyefariki, mume au mke, watoto na wazazi waliomtegemea wanaweza kudai.

Abiria naye ana wajibu. Aliyening'inia mlangoni au aliyekataa kufunga mshipi anaweza kupunguziwa fidia kwa kuwa alichangia kuumia kwake. Mishipi na vidhibiti mwendo si mambo mapya: masharti hayo ya magari ya abiria yalitangazwa 2003 na kuanza kutekelezwa kwa ukali Februari 2004 wakati wa waziri John Michuki.

Saa inahesabu

Kwa kawaida una miaka mitatu tangu siku ya ajali kufungua kesi. Ikiwa gari ni la Serikali, muda ni miezi 12 tu. Kwa mtoto, muda huanza kuhesabiwa atimizapo miaka 18, lakini mzazi asingoje, kwa kuwa mashahidi huhama na karatasi huliwa na mchwa.

Si lazima kesi ya trafiki dhidi ya dereva iishe kwanza. Lakini akipatikana na hatia, hukumu hiyo ni ushahidi mzito upande wako.

Ipo pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021, ambayo hushughulikia madai yasiyozidi Sh1 milioni kwa haraka. Majaji wamewahi kutofautiana iwapo kesi za ajali za barabarani zinafaa kupelekwa huko, kwa hivyo omba ushauri kabla ya kuichagua.

Usitie sahihi ukiwa kitandani

Hili ndilo tunalotaka msomaji alikumbuke zaidi. Mara nyingi mtu hufika wodini akiwa na kalamu na bahasha. Anaweza kuwa ametumwa na mwenye gari, na anaongea kwa huruma. Ana Sh10,000 na karatasi ya kutia sahihi.

Karatasi hiyo yaweza kuwa hati ya kumaliza madai yote. Ukishaitia sahihi, ni vigumu sana kurudi nyuma, hata mguu ukikataliwa kupona na ukahitaji upasuaji wa pili. Mapatano nje ya mahakama si mabaya, na mengi huokoa muda. Ubaya ni kupatana kabla daktari hajasema kama utapona kabisa au utabaki na ulemavu wa asilimia fulani. Hujui bei ya kitu ambacho hujakipima.

Wapo pia madalali wanaozunguka hospitalini wakiwatafutia mawakili wateja. Wakili anayekwambia kwamba hutalipa chochote usiposhinda anafanya mapatano ambayo Sheria ya Mawakili haiyatambui. Nenda ofisini kwa wakili mwenyewe, ukaulize ada na upewe maandishi. Akipokea fidia yako na kunyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Malalamiko Dhidi ya Mawakili. Kampuni ya bima ikikawia kulipa baada ya hukumu, inaweza kushtakiwa yenyewe, mradi iliarifiwa mapema kuhusu kesi. Malalamiko pia hupokelewa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima.

Hatutamdanganya msomaji kwamba njia hii ni nyepesi. Kampuni ya United Insurance ilipowekwa chini ya msimamizi 2005, na Blue Shield 2011, waathiriwa waliokuwa na hukumu mikononi walijikuta wakisubiri. Hiyo ni sababu nyingine ya kutochelewa: anayeanza mapema hufika mapema.

Turudi kwa mama wetu wa Kapkatet. Tuseme badala ya kwenda nyumbani, aliitia Sh1,000 mfukoni bila kutia sahihi popote, akapanda gari jingine hadi hospitalini. Alipimwa tumbo na shingo, akaandikiwa, kisha akamtuma mwanawe kwa polisi kuchukua nambari ya OB. Pengine daktari atamwambia ni mchubuko tu, na hatakuwa na haja ya kumshtaki mtu. Atakuwa amepoteza nusu siku ya kuuza mboga.

Lakini ikiwa ubavu umevunjika au bandama inavuja, nusu siku hiyo itakuwa imemwokoa, na bahasha ya karatasi chini ya godoro lake itakuwa ndiyo karo ya watoto wakati mama hawezi kuinua kikapu.